Msaada: MP3 ya kupanda nayo mlimani, iPod ya diski, SanDisk au Sony?

mgumu_wa_Rau

Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu kabla msimu haujachanganya. Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, nafanya na kampuni tofauti tofauti hapa Moshi, na saa hizi nasomea kuongoza wageni. Nataka kifaa cha kusikilizia ambacho kiko mbali kabisa na simu, maana simu nikiifungulia mziki tangu geti la Machame basi tukifika kampi ya Shira imeshazima, na chaji kule juu ni ya kugombania, pawabanki zilizopo ni za wageni na za redio za mawasiliano. Simu naitaka ibaki na chaji nyumbani waweze kunipata.

Ninachosikiliza ni mziki, kwaya kwa wingi, zilipendwa, bongofleva ya zamani kidogo. Ila kilicho muhimu kuliko mziki ni masomo ya Kijerumani ya sauti, kila somo kama nusu saa hivi, nayasikiliza usiku hemani kwa sababu wageni wanaotujia wengi ni Wajerumani na anayeongea lugha yao ndo anayepata kazi kwanza. Sasa nataka kikizima katikati ya somo, nikikiwasha kiendelee palepale, kisinirudishe mwanzo.

Vilivyo mezani ni hivi. Kuna iPod classic ya GB 160 iko kwa jamaa pale Krokon Arusha, anataka laki mbili na nusu, safi haina mikwaruzo na imejaa nyimbo tayari. Kuna SanDisk Clip Sport Plus ya GB 16, mgeni mmoja ameshuka juzi yuko tayari kuniachia kwa laki moja. Halafu kaka yangu yuko Dubai anasema anaweza kuniletea Sony Walkman NW-A306 mpya akija, ila bei yake ukigeuza kwa shilingi inakaribia milioni.

Moyo wangu uko kwenye iPod, GB 160 sitazijaza maisha yangu yote. Nishaurini kabla sijapanda gari kwenda Arusha.

chalii_wa_Ngarenaro

Chukua iPod chalii yangu, usifikirie mara mbili. Sauti yake ni nzuri, ile classic ya mwisho ina GB nyingi kuliko simu za watu wengi hapa mjini, na kwa masomo inakumbuka ulipoishia ukiiweka faili upande wa vitabu vya sauti. Laki mbili na nusu omba apunguze, atashuka.

fundi_Double_Road

Mkuu subiri kwanza, hiyo pesa iache mfukoni.

Mi natengeneza simu na redio hapa Moshi na hizi iPod za zamani huwa naletewa, kwa hiyo nakwambia kitu ambacho muuzaji hatakuambia. Ndani ya iPod classic hakuna chipu ya kumbukumbu kama ya simu, kuna diski inayozunguka, ndogo ya inchi 1.8, ileile ya kompyuta ila imepunguzwa umbo. Kichwa kinachosoma diski hakigusi diski, kinaelea juu yake kwa mto wa hewa mwembamba sana, unywele wa mtu ni mnene mara maelfu kuliko huo mwanya. Sasa huo mto wa hewa unategemea hewa iliyopo nje, maana diski za aina hii hazijafungwa kabisa, zina tundu dogo la kupumulia. Moshi mjini hapa hatufiki mita 1,000, hewa ipo ya kutosha. Kampi ya Horombo ni mita 3,720, ya Kibo 4,720, na kileleni Uhuru mita 5,895 mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga. Hewa ikipungua kichwa kinashuka, kikigusa diski inakwaruzika, na ikishakwaruzika hakuna fundi wa kukurudishia, si mimi si wa Kariakoo. Apple wenyewe kwenye maelezo ya iPod classic waliandika mwisho wake mita 3,000. Yaani wewe ukishaondoka kampi ya kwanza Machame kesho yake asubuhi umeshaipita hiyo.

Tena hapo sijasema kutikisika. Wewe ni mpagazi, mzigo unatupwa chini, unabebwa unaruka mawe. Ni kweli iPod inasoma nyimbo kadhaa kwa mpigo inaziweka kwenye kumbukumbu halafu diski inalala, kwa hiyo haizunguki muda wote, lakini ukikosea ukaitikisa pale inapozunguka ndo basi.

Halafu umri. iPod classic Apple waliacha kuiuza 2014, na iPod ya mwisho kabisa, ile touch, wakaifunga Mei 2022. Kwa hiyo betri uliyoiona pale Krokon kama haijabadilishwa ina zaidi ya miaka 10, na kufungua classic kubadilisha betri ni kazi ngumu, ganda lake la chuma limebanwa kwa meno pembeni pembeni na likishapinda halirudi lilivyokuwa.

Na hizo nyimbo zilizojaa usizihesabu kwenye bei. Ukiichomeka kwenye kompyuta yako na ukataka kuweka zako, iTunes itakuambia inafuta zilizomo ndo iweke mpya, kwa sababu imefungwa na kompyuta ya mwenye nayo. Huwezi tu kuburuta faili ukaachia kama flashi.

Mangi_Kibosho

Fundi umeeleza vizuri ila hapo kwenye mita 3,000 ongezea kidogo watu wasije wakaogopa simu zao. Hiyo mita 3,000 Apple wanaiandika hata kwenye iPhone, na iPhone zinafika Uhuru kila siku, wageni wanapigia picha pale kwenye kibao na zinarudi nzima. Kwa hiyo namba yenyewe sio inayoua kifaa, ni namba wanayoandika kwa vifaa vyao vyote. Kinachoua ni hiyo diski ya kuzunguka uliyoisema. iPod nano na shuffle hazina diski, zina chipu, mtu akiwa nayo apande nayo tu.

fundi_Double_Road

Sahihi kabisa mkuu, asante. Diski ndo tatizo. Na kuna watu wanaitoa ile diski wanaweka kibao cha kubeba memori kadi badala yake, ikishabadilishwa hivyo inapanda popote, ila kwa hapa kwetu kibao hicho mpaka uagize nje na bado kuna kazi ya kufungua. Kwa mtu anayetaka kifaa wiki hii simshauri.

mamaDee_guide

Hamjambo wote. Mi naongoza wageni, njia zote nimepita, niongee upande ambao mafundi hamuufikirii sana, yaani baridi na mikono.

Mdogo wangu, usiku wa kwenda Uhuru kutoka kampi ya Barafu umevaa glavu mbili, ya ndani na ya nje. Lile gurudumu la iPod linasikia ngozi ya kidole, halisikii kusukumwa, ukiwa na glavu ni kama hujaligusa. Kila wimbo utavua glavu, na pale mita 5,000 saa tisa usiku ukivua glavu unavua kwa gharama. SanDisk ile ndogo ina vibonyezo vya kweli, unabonyeza juu ya glavu, tena nguo ya nje ya mfuko haizuii, nabonyeza bila kuitoa mfukoni. Sony nayo skrini yake ni ya kugusa lakini wameweka vibonyezo pembeni vya kuwasha, kusogeza wimbo na sauti, na kuna kile cha kufunga isijibonyeze mfukoni, kwa hiyo nayo inafaa.

Baridi sasa. Betri zote hizi ni za lithiamu, na baridi ikishuka chini ya sifuri zinaonekana kama zimekwisha kumbe chaji ipo, ukizipasha moto mwilini zinarudi. Kwa hiyo chochote utakachonunua kinakaa mfuko wa ndani kabisa karibu na kifua, usiku unalala nacho ndani ya begi la kulalia, hata soksi moja inasaidia. Ila msichaji kitu kilichoganda! Betri ya lithiamu ukiichaji ikiwa chini ya sifuri inaharibika ndani na haiponi, ipashe kwanza. Na ukitoka nje ukaingia nayo hemani kwenye mvuke wa chai, iache ndani ya kimfuko cha plastiki kilichofungwa mpaka ipate joto, maji yajikusanye kwenye plastiki badala ya kwenye tundu la chaja.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nawapenda hawa vijana. Ukiwa na mzigo kichwani, masikio yawe wazi. Barranco pale kwenye ukuta wa mawe mtu anapiga kelele "pisha" au jiwe linatoka juu, wewe uko na kwaya masikioni mwote mawili, utasikia nini? Weka sikio moja tu kwenye njia pana, ukutani na kwenye kushuka changarawe toa kabisa. Sikiliza kampini. Sauti nayo usiifungue mpaka mwisho ili kushinda upepo, Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 ni saa 40 kwa wiki, ukipanda juu ya hapo muda unapungua haraka sana, na masikio yako ndo yatakayomsikia mgeni anayekuambia kichwa kinamuuma.

jirani_wa_Majengo

Kwa nini mnampeleka kijana kwenye laki na milioni wakati kiswaswadu kipo? Kiswaswadu cha vibonyezo chenye sehemu ya memori kadi unakipata kwa pesa ndogo sana pale karibu na stendi, weka memori kadi ya GB 32 maana vingi havisomi zaidi ya hapo, usiweke laini, betri inaenda siku nyingi, betri yenyewe unaitoa kwa mkono unaweka nyingine ya akiba uliyoinunua kwa bei ya soda chache, kina redio, kina tochi. Ile tochi peke yake kampini ni msaada. Na kikianguka kwenye mto Umbwe hulii.

mgumu_wa_Rau

Asanteni sana wote, kweli nimefunguka macho. iPod nimeshaitoa, nimempigia jamaa nimemwambia asinisubiri. Dada mamaDee shikamoo na asante, hilo la masikio nimelisikia.

Jirani wazo lako nimelipenda hasa hiyo betri ya kubadilisha, ila je kiswaswadu kinakumbuka somo lilipoishia? Nimejaribu cha mama hapa nyumbani, nikizima kinaanza faili upya, na kusogeza mbele mpaka dakika ya ishirini kwa kile kibonyezo ni kazi ya usiku mzima.

jirani_wa_Majengo

Vingi havikumbuki, hapo ni kweli. Dawa yake ni kukata masomo. Kwenye kompyuta kuna programu ya bure inaitwa Audacity, unafungua somo la nusu saa unalikata vipande vya dakika tano tano, unavipa majina kwa namba, 01a, 01b, 01c. Ukizimika unarudi dakika tano nyuma kwa kiwango cha juu. Kwa lugha hata ni vizuri kurudia.

chalii_wa_Ngarenaro

Mimi bado nasema siku hizi mambo ya kujaza mafaili yamepitwa, TTCL waliweka intaneti ya kasi Horombo tangu Agosti 2022, mtu anafungua Boomplay au Audiomack anasikiliza moja kwa moja. Hapo ndo Sony inakuja, kwa sababu ina Android na Wi-Fi, unaweka programu yoyote.

Mangi_Kibosho

Chalii, Horombo iko njia ya Marangu, yeye anazungumzia Machame. Na hata angekuwa Horombo, kusikiliza kwa intaneti kunakula betri. Sony wenyewe wanaandika hiyo A306 inaenda hadi saa 36 ukicheza faili za FLAC za kawaida (sauti isiyopunguzwa ubora kama mp3) zilizomo ndani, na saa 26 ukisikiliza kwa mtandao, na hapo skrini iko imezimwa na unatumia waya. Nyimbo ulizopakua ndani ya Boomplay nazo haziwezi kuhamishwa, zinafunguka kwenye Boomplay tu, ukiziburuta kwenye SanDisk hazitaimba. Anahitaji mp3 za kweli: CD za kwaya anazihamisha kwenye kompyuta, na kwaya nyingi siku hizi pale kanisani wanauza kwenye flashi kabisa, unanunua kwa wenyewe na unakuwa umewaunga mkono.

Kuhusu Sony nimeishika, ya ndugu yangu wa Arusha. Ni kitu kizuri sana, sitadanganya, kina tundu la waya la kawaida, kina sehemu ya memori kadi juu ya GB 32 zilizomo ingawa Android imeshakula sehemu yake, chaja yake ni ya USB-C kama simu mpya, na kwa sababu ni Android unaweka VLC au programu yoyote ya vitabu vya sauti na inakumbuka hadi sekunde, unaweza hata kupunguza kasi ya mwalimu wa Kijerumani anapoongea haraka. Hilo la kupunguza kasi kwa mtu anayejifunza lugha ni kubwa. Lakini redio ya FM haina, na ni karibu milioni inayolala hemani na watu wengi. Ukiweka hiyo milioni kwenye viatu vya mlima vya maana na koti la mvua, nadhani utaishukuru zaidi. Ukishaanza kuongoza na tipu zikawa nzuri, mwambie kaka yako akuletee.

mgumu_wa_Rau

Basi imebaki SanDisk na kiswaswadu. SanDisk haina sehemu ya memori kadi, hiyo ndo inanipa wasiwasi, GB 16 zinatosha kweli? Na kwa kuwa imetumika, nitajuaje betri bado iko hai kabla sijatoa laki?

fundi_Double_Road

GB 16 zinakutosha na zinabaki. Piga hesabu nami. Mp3 ya kbps 128 (kbps ni kipimo cha data kwa sekunde, ikipungua faili linakuwa dogo) inakula karibu MB moja kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB nne. Masomo ni sauti ya mtu anaongea tu, hayahitaji hata hiyo, ukiyageuza kwa Audacity ileile aliyoitaja jirani yakawa ya kbps 64, sauti ya upande mmoja badala ya stirio, somo la nusu saa linakuwa kama MB 14. Masomo mia ni GB moja na nusu tu. Zinazobaki ukiacha za mfumo wenyewe ni nyimbo zaidi ya elfu tatu, safari ya njia ya Lemosho ya siku nane hutazimaliza. Kama una FLAC zigeuze, FLAC moja ni MB 20 hadi 30 na kwa earphone ya kawaida ndani ya hema lenye upepo hutasikia tofauti.

Kwenye kukumbuka ulipoishia, SanDisk ina folda zake, moja ya Music, moja Podcasts, moja Audiobooks. Masomo yaweke kwenye Audiobooks, ukizima inakumbuka, ukiyaweka kwenye Music haitakumbuka na utadhani ni mbovu. Jambo jingine linalosumbua watu, haipangi kwa jina la faili, inapanga kwa maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili, jina la albamu na namba ya wimbo, kwa hiyo unaweza kuona somo la 10 liko juu ya la 2. Pakua Mp3tag, ni ya bure, chagua masomo yote, wape albamu moja, kisha iandikie namba kwa mpangilio. Dakika chache umemaliza na hutahangaika tena.

Betri sasa. Mpya wanasema hadi saa 20. Mwombe huyo mgeni akuachie usiku mmoja, kama anakaa hotelini mjini hapa hilo halimsumbui. Ichaji mpaka ijae, funga blututhi maana blututhi inakula chaji, chomeka earphone ya waya, sauti weka katikati, weka kwaya zijirudie, andika saa uliyowasha, ulale. Kama kesho yake imevuka saa 14 bado inaimba chukua, baridi itakupunguzia kidogo lakini ukisikiliza kama saa moja na nusu kila usiku inamaliza safari bila kuchaji. Ikizima kabla haijaimba kwa muda wa saa nane, mwambie ashushe bei sana au iache, maana betri yake sio ya kutoa kwa mkono kama ya kiswaswadu. Huku ikiimba jaribu vibonyezo vyote, jaribu redio mshike Sauti ya Injili au Kili FM, na uchezeshe waya pale kwenye tundu uone kama sauti inakatika upande mmoja, hilo ndo linalokufa kwanza kwenye hizi za mfukoni.

Ukishanunua, angalia chaja yake, hiyo ni ya USB ndogo ya zamani, waya wa simu mpya hauingii, kwa hiyo mwombe mgeni na waya wake.

mamaDee_guide

Na mkimaliza hayo yote, aniambie ni masomo gani ya Kijerumani anayotumia. Nina vijana wengine wawili watatu wanaojifunza, mnaweza kufanya mazoezi pamoja jioni siku mkiwa mjini. Kijerumani cha kusikiliza bila kuongea kinachelewa.

mgumu_wa_Rau

Dada nitakutumia pm sasa hivi. Mgeni amekubali kuniachia hadi kesho mchana, niko njiani naifuata, na amesema waya wake upo.